Figa Lililotoka Husuni

Mama mkwe wangu alinipeleka kwa wafalme kabla hajanionyesha jiko. Fungate ilikuwa imekwisha jana yake, hina bado nyekundu miguuni, na mimi natoka Mitole, ambako hatuna mfalme wala ukuta wa mawe. Tuna mikorosho, mihogo na nguruwe pori wa kufukuza. Asubuhi ile alinishika mkono kama mtoto mdogo, na kwa mkono wake wa pili alibeba chetezo cha ubani. Tukatoka kijijini Kilwa Kisiwani, tukapita makaburi ya masultani, tukapita jumba la Makutani, tukashika njia ndefu ya kwenda Husuni Kubwa, jumba la mfalme lililo juu ya jabali linaloangalia bahari. Kila penye mlango, hata kama mlango wenyewe ni pengo tu na mbuzi kalala katikati, alivua kandambili akapaza sauti: "Hodi! Hodi! Hodi! Nimewaletea mkaza mwanangu."

Kimya. Mbuzi akapiga chafya.

Nikamuuliza, "Mama, nani ataitika?"

"Hawaitiki. Wasipoitika ndiyo wamekukaribisha. Siku ukisikia karibu, kimbia, usigeuke nyuma."

Ndivyo alivyofanyiwa yeye na mama mkwe wake, na ndivyo kila mwanamke aliyeolewa kisiwani kutoka nje alivyofanyiwa siku hizo. Huanzi kupika kwenye ardhi ya watu kabla hujapiga hodi kwa wenyewe.

Njia nzima alikuwa ananitambia. Sisi tumezaliwa kwenye ukuta wa wafalme, sisi babu zetu walipitisha dhahabu, sisi tulikuwa na hela zetu za shaba wakati watu wengine wanabadilishana mtama kwa kuku. Watu wengine ni mimi. Nilivumilia mpaka ngazi za Husuni, pumzi ikaniishia na adabu ikaniishia pamoja nayo. Nikamwambia, "Mama, huko kwetu bara tunasimuliwa hivi. Kisiwa hiki mwenyewe alikuwa mtu wa kwetu. Akaja mgeni na vyombo vyake, akakinunua kwa nguo, nguo za kuzungushia kisiwa kizima. Sasa mimi nimekuja kuolewa kwenye kisiwa cha babu yangu. Je, hizo nguo zimebaki, au mmemaliza kuvaa?"

Nikadhani atanizaba kofi. Aliketi kwenye ngazi ya mfalme akacheka mpaka kitambi kikaruka. Tangu siku ile, kila Idi alinipa doti ya kanga, na kila mara alisema maneno yale yale: "Haya, mwenye kisiwa, chukua deni lako."

Nimesoma mpaka darasa la nne, mambo ya karne siyajui. Lakini macho ninayo, na siku ile niliyatumia. Kwetu Mitole tulijenga kwa miti na udongo, na masika ikija kali tulizuia ukuta kwa mgongo. Hapa niliona bwawa la kuogea lenye pembe nane, limechimbwa na kujengwa sawasawa, unaweza kulala kila pembe na hutaona moja imezidi mwenzake. Niliona ua mkubwa ambamo wafanyabiashara waliketi kumsubiri mfalme. Niliona ngazi zinazoteremka mpaka baharini, ili mgeni akitia mguu nchi kavu aanze kupanda, na akifika juu akiwa anahema, amkute mfalme ametulia. Huo ndio ufalme. Mama mkwe akanieleza kwamba matumbawe yale yalikatwa chini ya maji yakiwa laini, yakachongwa haraka kabla hayajakauka, maana yakikauka yanakuwa jiwe kweli. Nikashika ukuta. Nikawaza yule fundi, mikono imelowa, anakimbizana na jua. Mpaka leo nikimenya muhogo mbichi humkumbuka.

Ndipo tukarudi nyumbani akanionyesha jiko.

Jiko lilikuwa banda la makuti nyuma ya nyumba, na mafiga matatu katikati. Mawili yalikuwa mawe meusi magumu yaliyoletwa kutoka bara. La tatu lilikuwa refu kidogo, mraba mraba, limezama chini nusu, limejaa masizi. Mimi mtu wa bara, kwetu mwanamke hawezi kupika wiki mbili na mafiga yaliyo uchi. Tunayasiriba udongo wa kichuguu kila Alhamisi, tunayalainisha kwa maji na kiganja mpaka yang'ae, Ijumaa jiko linakuwa jipya. Kisiwani udongo ni mchanga mtupu. Nikaagiza kwa mama yangu mzazi kiroba cha udongo wa kichuguu kutoka Mitole. Wanawake wa kijijini walicheka wiki nzima. "Mwali wa bara kaleta mahari yake, kiroba cha tope!" Nikasiriba. Mama mkwe aliniangalia tu, lakini niligundua kwamba figa lile la tatu alilirudia yeye mwenyewe kwa mkono wake, hasa upande wa nyuma unaoelekea ukutani.

Nilikuja kujua sababu miaka kadhaa baadaye, nikiwa na watoto wawili. Mvua ya masika iliangusha ukuta wa banda, maji yakapiga jiko siku mbili, udongo ukamong'onyoka. Kulipokucha nikaingia kuokoa sufuria, nikaona nyuma ya lile figa. Lilikuwa na nakshi. Kamba iliyosokotwa, imechongwa kwenye jiwe kama vile unaweza kuifungua, na chini ya kamba nusu ya ua. Petali tatu, kisha jiwe limekatika.

"Mama," nikamwita, "jiwe hili lina maua."

"Lina maua na linapika. Unataka nini tena?"

"Limetoka wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Chini ni chini! Wewe lisiribe, watoto wana njaa."

Nikalisiriba, naye akalirudia nyuma kama kawaida yake. Alinijibu vizuri mara moja tu, mwaka aliougua, siku namchua miguu na mafuta ya nazi wala sijamuuliza kitu. "Lile jiwe," akasema, "lilikuwa chini ya jabali la Husuni, baada ya mvua. Limeporomoka na udongo. Mimi nilikuwa na mafiga mawili na mtoto mgongoni."  Nilidhani ataendelea. Hakuendelea, na mimi sikuona kama kuna la kuongeza. Wakati ule Husuni palikuwa mahali pa kufuatia mbuzi. Watu walibeba mawe ya kwenda kuchoma chokaa, wengine ya kuzuia milango. Sikuwahi kusikia mtu yeyote akiuita wizi.

Nililisikia neno hilo mwaka juzi, kutoka kinywani mwa mjukuu wangu.

Huyu ni binti wa mwanangu wa kwanza, nimemlea mimi, na amepewa jina la huyo huyo mama mkwe wangu. Amerithi na mdomo wake. Alimaliza kidato cha nne, akaenda kujifunza kuongoza wageni, akarudi kisiwani na daftari nene na kiu ya kazi. Nafasi ilikuwa moja. Wanaoitaka walikuwa wawili, yeye na kijana mmoja wa Kilwa Masoko anayeongea Kiingereza kama redio, na wiki ya tatu sasa wote wawili walikuwa wakijaribiwa kwa watalii. Mtihani ungekuwa Alhamisi. Kila mmoja atawatembeza msimamizi wa magofu na mama mmoja mkubwa wa ofisi kutoka mjini, watasikiliza, wataamua. Mjukuu wangu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Asipoipata, ilikuwa ni kwenda Dar es Salaam kuuza dukani kwa shangazi yake, na yeye kisiwa hiki anakipenda mpaka unamwonea huruma. Anasimama mbele ya ukuta uliobomoka, anaona paa.

Jumatatu akaniambia, "Bibi, twende Husuni. Wewe ujifanye mtalii, mimi nikutembeze."

"Mtalii wa nchi gani?"

"Yoyote, ilimradi usinisahihishe."

Nikavaa kofia ya marehemu babu yake, nikachukua mwavuli, nikamfuata. Mlangoni akavua viatu akapiga hodi mara tatu. Roho yangu ikafurahi. Kisha akaanza, na lazima niseme ukweli, mtoto yule anajua kusema. Aliwaleta wafanyabiashara uani, akawaketisha, akawapa kiu. Alilijaza lile bwawa maji. Nikasahau kama ni mimi ninayempikia uji.

Hata hivyo mtalii lazima aulize. "Samahani mwongozaji, mfalme alikuwa anakwenda wapi haja?"

Akanionyesha bila kucheka.

"Na wapishi? Jiko lilikuwa wapi? Watu wote hawa uliowaketisha uani walikula nini?"

Akafungua daftari, akalifunga. "Hilo sijafundishwa, Bibi."

"Basi andika hapo. Wafalme hawakushiba hewa."

"Mke mwenzangu, nimesema usinisahihishe!"

Tukafika kwenye ukuta mmoja wa ndani. Hapo alibadilisha sauti, akaishusha, nikajua hapa ndipo anapojivunia. Kulikuwa na ukanda wa nakshi umepita kwa urefu, umechakaa kwa upepo wa chumvi, kisha katikati pengo. "Tazama kazi ya mafundi wetu," akasema. "Kamba isiyo na mwanzo wala mwisho. Na hapa palikuwa na ua la petali sita. Tumebakiwa na tatu. Nusu ya pili iliibwa. Alikuja mtu asiye na haya, asiyejua thamani ya kitu, akaing'oa akaipeleka mbali, na hatutaiona tena mpaka tunaingia kaburini." Machozi yakamlenga kweli. Si ya kuigiza.

 Nilizihesabu zile petali. Tatu. Nyumbani kwangu zilikuwa tatu, na juu yake asubuhi ile nilikuwa nimechemsha chai.

"Nani kakwambia imeibwa?" nikauliza.

"Bibi, jiwe halina miguu."

"Huenda lilianguka."

"Likianguka litakuwa chini. Chini halipo, nimetafuta mwenyewe. Msimamizi aliponisikia nikisema maneno haya aliniambia hapa ndipo nitakapowashika." Akanitazama. "Wewe una nini? Umekuwa wa kijivu."

"Jua," nikasema. Nilikuwa na kofia na mwavuli.

Nilibaki na lile jambo Jumatatu nzima. Jumanne, baada ya Adhuhuri, tulikuwa jikoni, yeye anachambua kunde kwenye ungo, mimi napuliza moto. Nikaona nikichelewa nitaogopa zaidi. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kupamba: nusu ya ua lako iko hapa, imeshika sufuria.

Akacheka. Kisha akaona sicheki. Akachukua kijiko, akaenda nyuma ya figa, akapiga magoti, akakwangua udongo kidogo kidogo. Ukaonekana mkunjo mmoja wa kamba. Akakwangua tena. Ikaonekana ncha ya petali. Akauliza bila kugeuka:

"Nani alilileta?"

"Mama yake babu yako. Uliyepewa jina lake."

Akageuka. "Bibi! Nimemwita asiye na haya. Nimemwita mbele ya msimamizi, mbele ya watalii wa kweli, wiki tatu! Nimejitukana mwenyewe kwa jina langu!"

"Hukujua."

"Wewe ulijua!"

"Nilijua jiwe lina maua. Sikujua mwenzake yuko wapi. Ulinionyesha wewe jana."

"Jiwe lenye nakshi, Bibi! Miaka yote hii! Ulidhani limeota?"

 Ndiyo, kwa muda wote ule nilidhani, kama nilidhani kitu, kwamba Husuni ni ya wafalme na jiko ni langu, na mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwangu. Nikasema upumbavu. Nikasema, "Nikalitose baharini. Hakuna atakayejua."

Alisimama akainua ungo kama ngao, kunde zikamwagika. "Ukithubutu! Ukithubutu nahama nyumba hii leo!" Kisha akaketi juu ya kunde akaanza kufikiri kwa sauti. Akilisema kabla ya Alhamisi, watasema familia yake ndiyo wezi, na mtu hamwajiri fisi kulinda mbuzi. Asiposema, atasimama mbele ya pengo lile amdanganye mama wa ofisi. Mwisho akasema, "Nyamaza mpaka Alhamisi ipite. Nikipata kazi tutalirudisha taratibu."

"Nitanyamaza," nikasema, na nilikusudia. Tukaokota kunde, kila mtu upande wake.

Alhamisi aliondoka na shati jeupe, hakunywa chai. Alisema hawezi kuinywa kutoka juu ya jiwe lile. Mimi sikwenda Husuni. Niliziinjika kunde, nikakuna nazi, nikatwanga kitunguu saumu ambacho hakikuhitajika. Kila nilipochochea kuni nililiona lile figa likinitazama. Alhamisi ni siku ya kusiriba, lakini sikuwa na moyo wa kuligusa.

Tui lilikuwa limeanza kutokota ndipo nikasikia nje, kwenye mlango wa banda langu la makuti:

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Mara tatu, na sauti ile ya Husuni. Nikachungulia. Mjukuu wangu kasimama miguu mitupu, viatu mkononi. Nyuma yake msimamizi wa magofu, mtu mzima mwenye mvi, naye kavua viatu. Nyuma yake mama mnene wa mjini, miwani na kofia pana, anajiinamia kufungua kamba za raba zake. Wote watatu wanasubiri mlangoni mwa jiko langu kama wanaingia jumba la mfalme.

 Nikakumbuka maneno ya mama mkwe, kwamba wafalme hawaitiki. Lakini mimi niko hai, lazima niitike.

"Karibuni," nikasema. "Wala msikimbie."

Baadaye msimamizi alinieleza yaliyotokea kule ukutani. Uani mjukuu wangu alikiri kwamba hajui jiko la mfalme lilikuwa wapi. Alipofika mbele ya pengo, akashusha sauti kama kawaida, akafungua mdomo, akakwama. Wakadhani amesahau. Kisha akasema: "Mahali hapa huwa nasema jiwe liliibwa na mtu asiye na haya. Nilikosea. Lilianguka na mvua, akaliokota mama wa babu yangu aliyekuwa na mafiga mawili na mtoto mgongoni. Liko jikoni kwa bibi yangu, na saa hizi bila shaka limebeba chungu. Mkitaka kuliona, nifuateni." Akatangulia bila kugeuka kuangalia kama wanamfuata.

Mama wa mjini aliinama nyuma ya figa, akaona pale palipokwanguliwa, akashika mdomo. Msimamizi akaona moto, akachukua kata ya maji mtungini. Hapo nilipiga ukelele uliosikika Masoko.

"Acha! Unataka kuliua? Hili ni tumbawe, lina moto wa miaka. Ukilimwagia maji linapasuka kama yai!"

Akairudisha kata polepole, kama mtu aliyenyang'anywa kisu.

"Sasa tufanyeje, Bibi?" mama wa mjini akauliza.

"Mtakaa. Jiwe lipoe lenyewe. Na kunde zimeiva, siwezi kuwaangalia mkiniangalia."

Nikaepua chungu, nikavuta kuni nje, nikawatandikia mkeka. Wakala wali na kunde za nazi. Mama wa mjini alikula akaongeza, miwani imejaa mvuke. Aliniuliza jiwe limetumika muda gani, nikamwambia tangu kabla sijaja. Limepika harusi, limepika matanga, limepika uji wa huyu aliyewatembeza. Akauliza kwa nini tumelipaka udongo. Nikamwambia kwetu Mitole mafiga hayakai uchi. Akaandika. Mjukuu wangu hakula. Alikaa pembeni akitazama jiwe likipoa, kama watu wanavyomtazama mgonjwa.

Baada ya Alasiri nililigusa kwa kiganja. Likaniruhusu. Nikachukua kipande cha kifuu, nikaanza kubandua. Udongo ulitoka kwa tabaka, moja baada ya moja, kama maganda ya kitunguu, mengine mekundu, mengine ya kijivu, kila Alhamisi na rangi yake. Kiroba cha tope kilichochekwa. Tabaka za ndani kabisa zilikuwa na alama za vidole vipana, si vyangu. Nilivitambua.

Kisha tukalichimbua, nakshi ikatoka yote. Upande wa moto jiwe lilikuwa limeungua, limemenyeka, jeusi, ukiligusa linatoa unga. Lakini upande wa nyuma, walahi, ungesema fundi kaenda kunywa maji atarudi. Kamba ilikuwa na nyuzi ndogo ndani ya nyuzi. Petali zilikuwa na mishipa. Ile ya kule ukutani imelambwa na upepo wa chumvi mpaka haina tena hata mshipa mmoja. Msimamizi alipitisha kidole hewani, hakuthubutu kuligusa. "Miaka yote nimefanya kazi hapa," akasema, "sikujua petali zilikuwa na mishipa." Akanigeukia. "Bibi, hamkulitunza makusudi?"

"Hapana," nikamwambia. "Tulikuwa tunapika."

Sikutaka kumpa uongo mzuri. Mama mkwe wangu alihitaji figa, na mimi nilihitaji jiko safi. Kama tulilificha kwenye udongo likapona, hilo ni la Mungu na la kichuguu.

Msimamizi akataka kuita toroli. Nikakataa. Mfalme hapandi toroli. Nikatoa kanga yangu ya Idi, ya mwisho aliyonipa mama mkwe kabla hajafa, nikalizungushia jiwe mara mbili, nikaviringisha kata ya kitambaa kichwani, wakanitwisha. Lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka, au mimi nimezeeka. Mjukuu wangu alitembea mbele yangu njia nzima, akitoa vijiti na mawe madogo nisijikwae. Tukafika ngazi za Husuni. Hapo akasema, bila kugeuka, "Bibi, ukichoka sema."

"Nitachoka juu."

Tulipofika mlangoni nikapiga hodi mimi, jiwe kichwani. "Nimewarudishia. Mnisamehe, lina masizi."

Walilishika wanaume wanne waliokuwa wanafanya kazi pale, wakalisogeza kwenye pengo kwa kipimo tu, maana kulijengea kunahitaji chokaa na watu wake. Petali tatu zikakutana na petali tatu. Hazikufunga kabisa. Pale moto ulipolilamba palibaki upenyo wa kupitisha kidole kimoja. Lakini lilikuwa ua. Upande mmoja limechakaa, upande mwingine bado bichi, kama uso wa mtu aliyeamkia ubavu mmoja. Mjukuu wangu alilia, safari hii bila daftari. Mimi nilivuta kanga yangu nikaikung'uta majivu.

Mama wa mjini hakusema neno kuhusu kazi. Alivaa raba zake akaondoka. Wiki ile ilikuwa ndefu. Kijana wa Masoko, niliambiwa, hakukosea kitu hata kimoja. Mjukuu wangu alianza kukunja nguo za kwenda Dar es Salaam, nami niliziona, nikajifanya sizioni. Kisha asubuhi ya Ijumaa msimamizi akaja mwenyewe na kitambulisho chenye picha ya mjukuu wangu. Akamwambia mbele yangu: "Mwenzako anajua mengi kuliko wewe, usijidanganye. Lakini mgeni akimuuliza jiko la mfalme lilikuwa wapi, yeye hata hajui kwamba hajui. Na ukifika pale ukutani, useme vile vile ulivyosema Alhamisi. Usiache kukitaja kile chungu."

Alipoondoka, jirani yangu aliingia kwa mlango wa uani na beseni kafunika kwa mkeka. "Shoga," akaninong'oneza, "na hili la kwangu la kuzuia mlango, nitamwonyesha nani?" Nikamwonyesha mwenye kitambulisho. Tangu siku hiyo yameletwa matano. Mawili ni mawe tu.

Basi nikabaki na jiko la mafiga mawili na shimo. Siku ya kwanza niliegemeza sufuria kwenye tofali, tofali likapasuka, uji ukazima moto. Nikatoka kutafuta jiwe. Nilizunguka kisiwa kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi. Kila jiwe zuri nililoliinamia lilikuwa na pembe iliyokatwa na mtu, au chokaa ya mtu, au lilikuwa limelala karibu na ukuta wa mtu. Nikaliweka chini. Na mikono yangu ilikuwa mitupu, sina mtoto mgongoni. Nikakaa kwenye mzizi nikamfikiria yule mwanamke, mvua imekatika, jabali limeporomoka, moto haujawashwa nyumbani, na mbele ya miguu yake jiwe la mraba, zuri, limejileta. Angepita?

Nikampigia simu mdogo wangu Mitole anitafutie figa, jiwe gumu jeusi la kule mtoni. Akalipakia kwenye lori la korosho mpaka Masoko, nikavuka kwenda kulipokea. Nahodha wa boti alipoliona akaita wenzake waje kucheka.

"Bibi, unapeleka jiwe Kilwa? Kilwa yote ni mawe!"

"Ya Kilwa yana wenyewe," nikamwambia. "Nipishe, nina kunde motoni."

Nimeshalisiriba. Udongo ulikuja kwenye lori hilo hilo, kiroba kizima.